Nyumba ya Mlango Mmoja

Baba yangu alipofariki alituachia lupango, yaani kiwanja chenye ua, mtaani Makiso mjini Kisangani, si mbali na soko, pamoja na nyumba ndefu ya matofali iliyokuwa kubwa mno kwa mjane na binti yake mmoja. Mama akaigawa. Sisi tukabaki na vyumba viwili vya mbele. Nyuma akatengeneza makao matatu ya kupangisha, kila moja lina sebule na chumba cha kulala, mlango wa kutokea uani, na mlango mwingine wa kutokea kwenye kijia cha nyuma, kule watu walikokuwa wakimwaga maji machafu. Hivyo ndivyo Mama alivyogeuka mwenye lupango. Hakuisomea kazi hiyo wala hakuna aliyemfundisha. Alijua kufagia ua, kuwatuliza watu waliogombana kwenye bomba, na kudai kodi kwa sauti ya upole hadi mpangaji mwenyewe akaona haya. Alidhani kazi yenyewe inaishia hapo.

Wapangaji wetu wa siku zile nawakumbuka wote. Makao ya kwanza alikaa mwalimu mzee kutoka Maniema, Mwislamu mwenye kofia nyeupe safi kila siku, na mke wake. Ya pili walikaa vijana wawili wanafunzi. Ya tatu, ya mwisho kabisa, walikaa mume na mke kutoka Ubundu. Mume alikuwa mfanyakazi wa reli, anasafiri na treni ya Ubundu, anakwenda na kurudi, na kila akirudi anabeba samaki wa kukaushwa wamefungwa ndani ya majani. Mke alikuwa mshonaji. Mimi nilimwita Yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa, ijapokuwa hatukuwa na damu moja.

Yaya alikuwa mrefu, mwenye mikono isiyotulia. Alizungumza huku ameshika pini kati ya midomo, na niliogopa daima kwamba atakuja kumeza moja. Alinifundisha kukunja pindo, kukata shingo ya blauzi bila kupima, na kupika pondu, yaani kisamvu, kwa karanga jinsi wanavyoipika kwao. Mama alimpenda kuliko wapangaji wengine, na hakuficha. Yaya alipojifungua binti, Mama ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto muda wote wa uzazi, kama ambavyo angefanyiwa na mama yake mzazi lau Ubundu isingekuwa mbali.

Kisha wakaja wezi. Waliingia kupitia kile kijia cha nyuma. Kwanza waliwachukulia wanafunzi viatu na sufuria. Baadaye waliingia kwa mwalimu wakati yuko msikitini, wakamchukulia redio na suruali zake zote mbili za kazini. Ilimbidi aende kufundisha na suruali ya kuazima iliyomfika juu ya vifundo vya miguu, na wanafunzi wake hawakumwacha bila kumcheka. Wapangaji wakaja kwa Mama pamoja. Mwalimu ndiye aliyesema, kwa Kiswahili chetu cha Kisangani, ambamo “ndiyo” huwa “njo”.

“Maman, ule mulango ya nyuma, njo inaingizaka wezi. Tunaomba uifunge.”

Mama hakukawia. Aliita seremala akapigilia mbao kwenye milango yote mitatu ya nyuma, kwa misumari mirefu ya kuezekea. Akaita na mchomeleaji akaweka vyuma kwenye madirisha. Kazi ilipokwisha, watu walitoka uani kutazama. Mwalimu alimwombea Mama dua. Mume wa Yaya, aliyekuwa amerudi safari asubuhi ileile, alivigusa vyuma vya dirisha lake, akavitikisa.

“Maman,” akasema, “na kama kitu inatokea mule ndani?”

“Kitu gani?”

“Sijue. Kitu.”

Mama akacheka. “Basi hiyo kitu itapita ku mulango ya mbele, sawa vile weye unapitaka.”

Tulicheka wote, naye akacheka pia. Baadaye yeye na Yaya wakasukuma kabati lao la nguo kwenye ule mlango wa nyuma, kwa sababu haukuwa mlango tena, na nafasi ndani ilikuwa ndogo. Hakuna mtu aliyefikiri zaidi. Huo ndio ukweli, na nimeuzunguka miaka mingi nikitafuta mtu mmoja kati yetu aliyefikiri zaidi, sijampata.

Jambo lingine lilikuwa jiko. Uani kulikuwa na kibanda cha kupikia walichotumia wote. Dhoruba moja ililing’oa paa lake, mabati yakaangukia upande wa pili wa ukuta. Mama akasema atalirudisha mvua zikipungua. Kisangani ukingoja mvua zipungue utangoja sana. Wapangaji wakaanza kupikia na kufanyia kazi zao za moto ndani, karibu na mlango, ili moshi utoke. Mama aliwaona kila siku, akawaambia pole, akasema paa litarudi.

Sikukuu ya chama cha Rais ilikuwa inakaribia. Wakati ule, sikukuu kama hiyo haikuwa jambo la kuchagua. Wanawake wa kila mtaa walipaswa kucheza barabarani wamevaa kitenge kimoja, chenye picha ya Rais kifuani na mgongoni, na asiyeonekana alikuwa na la kujibu. Yaya alipewa kazi ya kushona sare za kikundi cha mtaa wetu. Aliletewa majora kwa majora. Sebule ile ndogo ikajaa vitambaa: juu ya viti, juu ya mashini, na vilivyokuwa tayari vikaning’inizwa kwenye kamba iliyokatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Ukiingia ilibidi uinamishe kichwa, ukatizwe tena na tena na sura ileile moja mpaka umfikie mwenyewe Yaya nyuma ya mashini.

Mchana ule mvua ilikuwa kubwa. Mimi nilikuwa kwenye baraza la mbele nikimenya karanga, Mama amelala. Yaya alikuwa anapiga pasi. Pasi zetu zilikuwa za makaa, na yake aliiweka kwenye kiti cha chini karibu na mlango, moshi utoke. Binti yake alilia chumbani, akamwendea, akakaa kitandani kumnyonyesha. Haya tuliyapanga baadaye kutokana na tuliyoyakuta, maana yeye hakuwahi kuyasimulia. Labda upepo wa mvua uliingia ukalivuta gauni moja kutoka kwenye kamba hadi kwenye pasi. Labda kaa moja liliruka. Mvua ilipiga mabati kwa kelele ambayo mtu hata angeita usingemsikia.

Mke wa mwalimu ndiye aliyeona moshi. Nilimsikia akipiga kelele, “Moto! Moto!” nikaacha karanga, nikakimbia uani. Mlango wa Yaya ulikuwa wazi na ndani yake ilikuwa rangi moja tu, ya chungwa. Joto lilinipiga usoni nikiwa bado mbali. Vitambaa na godoro la sponji la kiti kirefu vilikuwa vinawaka pamoja, na moshi uliokuwa unatoka ulikuwa mweusi, mzito. Wanafunzi walikuwa wakichota maji kwenye mapipa ya mvua na kuyamwaga kwa mabeseni. Ilikuwa kama mchezo wa watoto. Zimamoto hakuna aliyeitaja. Hatukuwa na simu, wala hatukujua mtu anawaita wapi.

Mama alitoka bila viatu. Alitazama ule mlango mara moja tu, akageuka, akakimbia kuzunguka nyumba kwenda kwenye kijia. Nilimfuata.

Yaya alikuwa dirishani. Alikuwa amekishika kile chuma kwa mkono mmoja, na mkono mwingine amembeba mtoto. Nyuma yake kulikuwa na moshi lakini moto ulikuwa haujafika. Hakulia. Alipomwona Mama akasema, “Maman, kamata mutoto.”

Akamgeuza mtoto ubavu, akampitisha kati ya vyuma, kwanza miguu, kisha kiuno, kisha akakizungusha kile kichwa kidogo taratibu kwa vidole, mpaka kikapita. Mama akampokea. Mtoto alikuwa mzima, hata kulia alilia baadaye.

“Sasa fungua mulango,” Yaya akasema.

Wanaume walishafika. Mmoja alikuwa na panga, mwingine shoka la kuni, mwingine kipande cha bomba. Waling’oa ubao wa kwanza, wakang’oa wa pili. Ile misumari ilikuwa mirefu. Seremala aliifanya kazi yake vizuri. Wengine walivivuta vyuma vya dirisha kwa mikono, wanne kwa mara moja, miguu imekanyaga ukuta, na vyuma vikakataa. Mama alisimama kwenye matope na mtoto kifuani, akirudia neno moja tu: “Inafunguka, inafunguka, mwanangu, inafunguka.” Yaya akaanza kukohoa. Akajishusha chini ya dirisha kutafuta hewa, na hatukumwona tena.

Mlango ulipovunjika, wakalikuta lile kabati. Walilisukuma na kuliangusha, mmoja wao akaingia akitambaa, akamtoa. Hakuwa ameungua. Nguo yake ilikuwa nzima, na uso wake ulikuwa vilevile, ila masizi puani. Walimlaza juu ya mkokoteni wa kubebea magunia, wakaukimbiza kwenda hospitali mvuani, nami nikakimbia nao nikikishika kisigino chake kisiburuzike. Hospitali walimtazama kwa muda mfupi tu.

Kesho yake alikuja mtumishi mmoja wa serikali, kijana aliyevaa koti la kola ndogo bila tai, kama walivyovaa watumishi wote wakati ule. Alikanyaga masizi kwa uangalifu ili asichafue viatu. Swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu vitenge. Vimebaki vingapi? Hakuna kilichobaki. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ambayo hayakuwa ya kuigiza. Ndipo akauliza mwenye nyumba ni nani.

“Njo mimi,” Mama akasema.

“Bon. Citoyenne,” akasema, yaani mwananchi, kama tulivyotakiwa kuitana, “pole. Hii iko accident, ajali tu. Pasi ya makala, watu banakufaka nayo kila mara.”

“Mulango ya nyuma ilipigwa misumari,” Mama akasema. “Na dirisha iko na vyuma. Ni mie niliweka.”

Yule kijana akamtazama kama aliyesikia lugha nyingine. “Sikukuuliza juu ya mulango, citoyenne,” akasema, akaenda zake.

Watu wa matanga nao walimwambia hivyohivyo kwa njia yao. Walikaa uani kwetu chini ya turubai, wakamwambia siku ya mtu ikifika imefika, wakamwambia ni Mungu. Mwalimu alikuja akaketi karibu naye, kofia yake mkononi.

“Maman, usijiue na mawazo. Ni sisi tuliomba. Mie mwenyewe njo nilisema.”

“Na nyumba iko ya nani?” Mama akamuuliza.

Mwalimu akarudisha kofia kichwani.

Mume alikuwa safarini wakati wa moto. Mama alikataa mtu mwingine aende kumpokea. Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kusimama kwenye ukingo wa mto, mahali wanaposhukia abiria wanaotoka ng’ambo ya kushoto, iliko stesheni ya treni. Mimi nilikuwa naye. Mume alishuka kwenye mtumbwi na furushi lake la samaki, akimcheka mtu aliyekuwa nyuma yake. Akamwona Mama. Akamwona mtoto mgongoni mwa Mama. Kicheko kikabaki usoni mwake kwa muda, hakijui kiende wapi. Aliweka furushi chini kwenye mchanga, akakaa juu yake. Hakuuliza lolote mpaka tulipofika nyumbani, na mbele ya ule mlango uliovunjwa aliuliza tu, “Kabati nani aliitosha pa mulango?”

Tulimzika Yaya. Kisha ikawa lazima mtoto apelekwe Ubundu kwa bibi yake, mama mzazi wa Yaya, kwa kuwa baba hakuweza kumlea akiwa njiani kila wakati. Mama akasema atakwenda yeye mwenyewe. Shangazi zangu walimzuia. Walimwambia ndugu wa kule watampiga, watamfanyia vibaya, na kwamba salamu za rambirambi zinaweza kutumwa. Mama akapakia kopo la maziwa, nguo zake mbili, akaniambia nimsaidie kumbeba mtoto.

Treni ile ilikwenda polepole kiasi kwamba watu walishuka kujisaidia msituni na kuirukia tena. Mume alikaa mbele yetu safari nzima bila kumsemesha Mama. Lakini mtoto alipolia ni yeye aliyeteremka kwenye vituo kutafuta maji ya moto ya kukorogea maziwa, akampa Mama kikombe bila kumtazama.

Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mkaushaji wa samaki, mikono yake imekomaa kwa moshi. Habari zilikuwa zimeshamfikia kupitia watu wa reli. Ua wake ulijaa ndugu. Alimpokea mtoto kutoka mikononi mwangu, akamnusa shingoni, akamkalisha kwenye paja. Ndipo akamgeukia Mama.

“Weye njo mwenye nyumba?”

“Njo mimi, Mama.”

“Keti. Elezea mie.”

Mama akaketi chini, akaeleza. Alieleza habari za wezi, seremala na misumari yake, vyuma, jiko lisilo na paa. Alieleza jinsi mkwe wao alivyouliza swali lake, na yeye alivyocheka na alichojibu. Alipofika hapo, tonton mmoja wa Yaya, mjomba wake, mtu mkubwa aliyekuwa ameegemea mlango, aliinuka akaja juu yake na ngumi imekunjwa. Nilijitupa mbele ya Mama.

“Muache amalize,” bibi akasema.

Mama akamaliza. Alieleza hata neno la mwisho, “Sasa fungua mulango,” ambalo mimi ningelificha. Wanawake walianza kulia kwa sauti. Bibi hakulia. Alikuwa anamtikisa mtoto kwa goti.

“Juu ya nini ulikuja?” akauliza. “Ungeweza kubakia kwako.”

“Juu kule watu bote bananiambiaka ni Mungu,” Mama akasema.

“Hapa hakuna mutu atakuambia vile,” bibi akasema.

Alitupa chakula na mkeka. Tulilala kwenye nyumba ya kupikia, kati ya vichanja vya samaki, na hakuna aliyetugusa. Asubuhi, kabla ya treni, Mama alinyoosha mikono kumpokea mtoto mara moja ya mwisho, amuage. Bibi hakumpa. Alimhamisha tu mtoto kutoka bega moja kwenda jingine, lile la mbali. Mama akarudisha mikono, akainamisha kichwa kumshukuru kwa chakula, tukaondoka.

Tuliporudi Makiso alianza kazi siku ileile. Alimwita tena mchomeleaji, safari hii akate vyuma vyote, na vya madirisha yetu pia. Milango ya nyuma aliitengeneza upya, ikawekwa komeo la ndani linalofunguka kwa mkono mmoja. Jiko likapata paa. Na kila mpangaji mpya alipoingia, Mama alimpeleka kwenye mlango wa nyuma, akamwambia aufungue mwenyewe mbele yake. Wanawake aliwaambia waufungue na mtoto mgongoni. Kila mchana alizunguka uani, akichungulia majiko na pasi, akiuliza, “Makala imezimwa?” Watu walichoka naye. Wenye lupango wenzake walimwuliza kama anawaalika wezi, na wezi kweli walirudi, na wapangaji wawili watatu wakahama kwa ajili hiyo. Walisema kilio kimemharibu akili. Mwalimu peke yake hakuhama. Aliibiwa redio nyingine, akanunua nyingine.

Mama aliendelea kutuma maziwa na nguo Ubundu kupitia mume wa marehemu, ambaye sasa alipanga ng’ambo, karibu na stesheni, na baadaye akaoa tena. Maziwa yalipokelewa. Nguo zilirudi, zimekunjwa vizuri, mpaka mwaka mmoja zikaacha kurudi. Zaidi ya hapo hakukuwa na neno kati yao.

Mama alipofariki nilikuwa nimeshaolewa, nafundisha shule ya msingi. Nilimtuma mtu wa reli apeleke habari Ubundu, bila kutegemea lolote. Siku ya pili ya matanga aliingia bibi, amezeeka, anaongozwa na msichana mrefu mwenye mikono isiyotulia. Alisalimu, akakaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine. Jioni aliosha sahani nao. Nilimletea chai.

“Mama yako alinielezeaka yote,” akasema. “Hakuna mwingine alinielezea.”

Akanywa chai yake mpaka mwisho. Walilala kwetu usiku ule, na asubuhi nikawasindikiza mtoni kuvuka kwenda kwenye treni. Msichana aliniuliza nafundisha darasa la ngapi, nami nikamwambia. Akasema yeye hapendi hesabu. Bibi alikuwa tayari ameketi kwenye mtumbwi, akampigia kelele ashuke upesi, watu wanangoja.